Kilwa Kisiwani: Bahari Chini, Mizizi Juu

Kilwa haikuwa na mgodi. Dhahabu iliyoitajirisha ilichimbwa bara, nyuma ya bandari ya Sofala, mbali kusini. Kisiwa kiliishi kwa ushuru, kwa sababu majahazi ya Uarabuni na India hayakuweza kufika Sofala na kurudi kwao kwa kaskazi na kusi za mwaka mmoja. Msafiri Ibn Battuta, aliyefika mwaka 1331, aliyakuta matunda ya hesabu hiyo. Mwaka 1505 Wareno waliiteka Kilwa, na mwaka huohuo wakaweka ngome Sofala kwenyewe. Muda si mrefu hata wao wakaondoka kisiwani. Mwaka 1776 sultani alikubali kumuuzia mfanyabiashara Mfaransa Morice watumwa 1,000 kila mwaka. Karne ya 19 biashara hiyo nayo ilihamia Kilwa Kivinje, bara.

Yamebaki mawe. Kuta za Kilwa ni matumbawe yaliyoshikizwa kwa chokaa, nayo chokaa ni matumbawe yaleyale yaliyochomwa. Maji ya chumvi huingia kwenye vitundu vya jiwe, hukauka, na chumvi inayobaki huubandua uso wa ukuta punje kwa punje. Huo ni uharibifu wa polepole. Wa haraka uko Gereza, ngome iliyo ufukweni kabisa: wakati wa bamvua wimbi hupiga msingi, na likirudi huondoka na mchanga, hadi chini ya ukuta pakabaki uwazi. Ukuta hapo hauangushwi na pigo. Huanguka kwa uzito wake wenyewe. Sehemu ya Gereza imekwisha kuchukuliwa hivyo. Mikoko ingepunguza nguvu ya wimbi, lakini mikoko ndiyo iliyokatwa kuwa boriti, na boriti ndizo zilizobeba dari za pwani nzima kwa karne nyingi.

Husuni Kubwa, kasri la karne ya 14 lililo juu ya genge, lina mtego mbaya zaidi. Mvua huchukua udongo wa genge. Mimea huuzuia, ila mizizi yake hupenya kati ya mawe na kuyatenganisha. Ukifyeka, genge linateremka. Ukiacha, ukuta unapasuka.

UNESCO iliitambua Kilwa kuwa urithi wa dunia mwaka 1981, ikaitaja kuwa hatarini 2004, ikaiondoa kwenye orodha hiyo 2014 baada ya ukarabati. Kazi ile ilikuwa ya kweli. Lakini kuondolewa kwenye orodha hakuzuii bamvua, na usawa wa bahari duniani unapanda. Kizuizi cha mawimbi hujengwa kwa kimo cha maji ya leo. Mikoko yenyewe, maji yakizidi, husogea nyuma kufuata tope. Iliyopandwa mbele ya magofu haina pa kusogea.