Usiseme: Ni Jino Tu



Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza juu ya kofia ngumu, miwani, viatu na vumbi la mawe. Leo tuangalie kitu ambacho kila mmoja anaingia nacho kazini na kurudi nacho nyumbani bila kukifikiria: kinywa chake.

Miaka michache iliyopita, alfajiri moja, fundi wa kuunga vyuma alifika katika dispansere yetu hapa Lukafu akitoka kazi ya usiku. Alikuwa ameshika shavu. «Munganga, ni jino tu,» aliniambia. «Nipe kinini nikalale.» Wagonjwa wa malaria walikuwa wengi mlangoni. Nikampa kinini za kutuliza maumivu, akaenda zake. Sikumwambia afungue mdomo.

Siku ya tatu bibi yake alimleta. «Munganga, baba huyu halali tena kitandani,» alisema. «Usiku mzima amekaa kitini. Akijaribu kulala anasema anazama.» Shingo ilikuwa imevimba pande zote mbili, ngumu kama ubao. Mate yalikuwa yanamtoka kwa sababu hakuweza kuyameza. Alipozungumza, sauti yake ilikuwa kama ya mtu mwenye tonge la bukari moto kinywani. Nilipoangalia ndani, ulimi ulikuwa umeinuliwa juu mpaka karibu na kaakaa.

Tulimpeleka upesi katika hospitali kubwa mjini Lubumbashi, ameketi, si amelala. Huko walimfungulia njia ya pumzi shingoni, wakatoa usaha na kung'oa jino. Alipona, na leo yuko kazini. Lakini kosa langu la siku ya kwanza silisahau, ndiyo maana ninawaandikia.

Usaha unapita wapi?

Mtu mzima ana meno 32, kumi na sita juu na kumi na sita chini. Mtoto mdogo ana 20. Ganda la nje la jino ni gumu kupita mfupa, lakini ndani kabisa kuna kiini laini chenye mshipa wa fahamu na mishipa ya damu. Jino likitoboka na tundu likafika kwenye kiini, vijidudu vinaingia, vinashuka mpaka ncha ya mzizi, na usaha unaanza kujikusanya ndani ya mfupa wa taya.

Hapa wengi wanadanganyika. Siku moja maumivu yanakoma. Mtu anafurahi na kusema amepona. Mara nyingi ni mshipa wa fahamu uliokufa. Vijidudu vingali hai na vinaendelea na kazi yao.

Sasa gusa kwa kidole chini ya ulimi wako. Sakafu ya kinywa si mfupa. Ni nyama nyembamba iliyotandazwa kutoka upande mmoja wa taya hadi mwingine. Mizizi ya magego ya nyuma, hasa ya mwisho kabisa, mara nyingi inashuka chini kupita mahali nyama hiyo ilipofungwa kwenye taya. Kwa hiyo usaha wa gego hilo unaweza kuangukia shingoni bila kuonekana kinywani. Ukienea pande zote mbili, unasukuma ulimi juu na nyuma. Na nyuma ya ulimi ndipo ilipo njia ya pumzi.

Munganga Mjerumani Wilhelm Friedrich von Ludwig aliueleza ugonjwa huu mwaka 1836, na mpaka leo unaitwa kwa jina lake. Kabla ya penisilini kuenea katika miaka ya 1940, zaidi ya nusu ya wagonjwa wake walikufa. Siku hizi wengi wanapona, lakini lazima wafike mapema.

Dalili ambazo hazingoji kesho

Mwenye jino linalouma au shavu lililovimba aende hospitali saa hiyo hiyo, hata usiku, akiona moja ya haya:

1. Uvimbe chini ya taya au shingoni, hasa ukiwa mgumu na pande zote mbili.
2. Ulimi umeinuka, au chini yake pamevimba.
3. Hawezi kumeza mate yake.
4. Sauti imebadilika, au pumzi inapita kwa shida.
5. Mdomo haufunguki. Kwa kawaida vidole vyako vitatu vinaingia kati ya meno ya juu na ya chini. Vikikataa, ni hatari.
6. Homa kali na kutetemeka, au uvimbe unaopanda kufunga jicho.

Njiani mgonjwa akae wima, ainame mbele kidogo, mate yatoke. Msimlaze chali. Msimpe chakula wala kinywaji, kwa sababu huenda atapasuliwa. Kama ana ugonjwa wa sukari, mseme tangu mlangoni: kwake usaha unaenea upesi zaidi.

Mambo tunayoomba muache

Msiweke aspirini juu ya ufizi. Inaunguza nyama na jino haliponi. Lutuku kinywani inaleta usingizi, haiui vijidudu vya ndani ya mfupa. Msitoboe uvimbe kwa sindano au wembe. Na msitumie kinini mbili tatu zilizobaki za jirani: zinapunguza maumivu kidogo, mtu anachelewa, na jino baya bado limo.

Ukiwa kwa munganga wa meno

Kabla ya sindano, mwambie kama una ugonjwa wa moyo, damu kupanda, sukari, kifafa, kama unakunywa dawa ya kufanya damu kuwa nyepesi, kama penisilini ilikudhuru zamani, au kama mama ana mimba. Yeye haoni mambo hayo mdomoni.

Ukitoka kazi ya usiku, usiende kung'oa jino na njaa. Hatari inayotokea mara nyingi katika kiti cha meno ni kuzimia, kwa woga, uchovu na tumbo tupu. Aliyezimia hivyo alazwe chali na miguu iinuliwe. Mkumbuke tofauti: aliyezimia analazwa, mwenye uvimbe shingoni anakaa.

Baada ya kung'oa, uma kitambaa safi kilichokunjwa kwa nusu saa bila kufungua kila mara kuangalia. Usisukutue siku hiyo. Damu isipokoma, urudi.

Na kama chuma au jiwe limeng'oa jino zima la mtu mzima, lishikwe upande wa kutafunia, si kwenye mzizi. Lisisuguliwe. Lisafishwe kidogo kwa maji safi, lirudishwe mahali pake, au liwekwe ndani ya maziwa, na mtu aje haraka. Likirudi kabla ya nusu saa kupita, linaweza kushika tena. La mtoto la maziwa halirudishwi.

Ndugu zangu, mkifika dispansere na jino, fungueni mdomo hata kama tunaonekana kuwa na haraka. Mtuambie: «Munganga, angalia na chini ya ulimi.» Hatutakasirika. Yule fundi hakujua aombe hivyo, na mimi niliyejua sikuangalia.

Jino linaweza kubadilishwa. Pumzi haina nyingine.