Jua, Dunia na Majira ya Mvua

Kila siku mkulima huliona jua likichomoza mashariki na kutua magharibi, naye husema jua limepita. Sivyo. Sisi ndio tunaopita. Dunia hujizungusha kama pia, mara moja kwa muda wa saa 24, na hapo ndipo tupatapo usiku na mchana. Papo hapo hulizunguka jua, na safari hiyo huchukua siku 365 na robo.

Mbona basi hatuusikii mwendo huo, nao ni wa kilomita 30 hivi kila sekunde? Ni kwa sababu hautikisiki. Abiria aliyelala katika gari la moshi lendalo sawasawa hajui kama anakwenda mpaka breki zifungwe, na dunia haina breki.

Wengine huuliza kwa nini dunia haianguki juani. Funga jiwe kwa kamba ulizungushe juu ya kichwa. Jiwe lataka kuruka mbali, kamba yalizuia, basi lazunguka tu. Mvuto wa jua ndio kamba yetu.

Sayari zilizunguukazo jua ni nane. (Pluto ilitolewa katika hesabu hiyo mwaka 2006.) Msidhani zinakwenda kama ng'ombe wa plau wakigeuka, ambapo yule wa nje huharakisha. Hapa aliye mbali ndiye mvivu. Zuhura, ile nyota kubwa ya alfajiri ambayo miezi mingine huonekana jioni, humaliza mzunguko kwa siku 225. Mshtarii karibu miaka 12.

Swali lituhusulo zaidi ni la majira. Watu hudhani baridi ya Julai huja kwa kuwa jua liko mbali. Ni kweli kwamba mwanzoni mwa Julai liko kilomita milioni 152, na mwanzoni mwa Januari milioni 147. Lakini Januari hiyo hiyo Ulaya kuna theluji! Baridi yetu ya Julai huletwa na pepo za kusini na mawingu yanayoziba jua.

Majira hutokana na kuinama kwa dunia, digrii 23 na nusu. Kwa hiyo jua huonekana likihama, Juni kaskazini, Desemba kusini, na kupita juu ya Ikweta mnamo Machi 21 na Septemba 23. Lipitapo, nchi hupata joto, hewa hupanda, pepo za pande mbili hukutana, na mvua hulifuata nyuma kidogo.

Basi simama mahali pamoja mlangoni pako, utazame mashariki. Piga kigingi kuelekea linapochomoza jua mwishoni mwa Desemba, upande wa kulia, na kingine mwishoni mwa Juni, upande wa kushoto. Likitoka kulia na kufika katikati, ni Machi: shamba liwe limekwisha kulimwa na mbegu ziwe ghalani, kwani mahindi yaliyochelewa kupandwa hupunguza magunia. Siku yenyewe ya mvua jua halikuambii. Hiyo sikiliza habari za hali ya hewa redioni, au umwulize Bwana Shamba.