Kwa nini gasketi ya gari la Igalula ililipiwa mara mbili

Baadhi ya kamati za sharika zimetuuliza, na wafadhili nao wameandika: iweje gasketi ya silinda hedi ilipiwe mara mbili kwa gari lile lile la Igalula? Swali ni la haki na tunalijibu.

Gari hilo ni Nissan Hardbody ya petroli, injini KA24E. Lilichemsha njiani likiwa na mizigo ya zahanati, na oili ilipokaguliwa ilikuwa nyeupe kama uji wa maziwa. Hapo gasketi imeungua, na kuibadilisha ni lazima silinda hedi inyanyuliwe.

Ugumu unaanzia hapo. Ndani ya hedi mna kamshafti, inayofungua valvu, nayo huzungushwa na mnyororo, yaani taimingi cheni, unaotoka kwenye krankshafti chini. Krankshafti ikizunguka mara mbili, kamshafti huzunguka mara moja. Mpangilio huo ukivurugika sana, valvu hugonga pistoni na kupinda. (Hardtop zenye injini ya 1HZ hutumia mkanda, kwa hiyo wenye gari hizo wasihangaike na maelezo haya.)

Mnyororo hukazwa na tensheneri, kidude chenye springi kinachosaidiwa na presha ya oili, nyuma ya kifuniko cha mbele cha injini. Chenyewe husukuma muda wote. Fundi akifungua sproketi ya kamshafti bila kuushikilia mnyororo, unalegea, na kijiti cha tensheneri huchomoka. Kukirudisha ni mpaka kifuniko cha mbele kifunguliwe na sampu nayo ishushwe. Kazi ya siku mbili inakuwa ya juma zima.

Ndivyo ilivyotupata katika karakana ya kwanza. Fundi alifunga hedi juu ya mnyororo uliolegea, gari likarudi likilia mbele kama debe lenye kokoto, halina nguvu. Siku chache baadaye mnyororo uliruka jino. Kosa letu ni kwamba tulichagua bei ya chini bila kuuliza lolote, na tunalikiri.

Mara ya pili tulisimama na fundi tangu asubuhi. Aliweka pistoni namba 1 juu kabisa kwenye mgandamizo, akapaka rangi pingili ya mnyororo na jino la sproketi linalokutana nayo. Kabla ya kugusa bolti ya sproketi alishindilia kabari ya mbao ya mninga katikati ya pande mbili za mnyororo, imefungwa kamba isije ikatumbukia ndani. Bolti za hedi alizilegeza kidogo kidogo kuanzia pembeni, na wakati wa kukaza akaanzia katikati. Hedi ilipimwa kama imepinda kabla ya gasketi mpya kuwekwa. Sproketi ilipokwisha kukazwa ndipo kabari ikavutwa. Kisha alizungusha krankshafti kwa spana, kwa mkono, mizunguko miwili kamili, jino la sproketi lililopakwa rangi likarudi mahali pake, ndipo akagusa swichi.

Kamati inayoletewa makadirio ya kazi kama hii imuulize fundi jambo moja kabla ya kutia sahihi: mnyororo utaushikiliaje? Akisema hauna haja ya kushikiliwa, mtafute mwingine. Kwenye makadirio kuwe pia na kupima hedi, oili mpya na chujio lake.

Ankara zote mbili zipo ofisini kwa yeyote anayetaka kuziona.