"Imekufa", "Imejizima" na "Imeungua"

Umeme ukikatika kisha ukarudi kwa kishindo, na kompyuta isiwake, husemwa kwamba pawa saplai imekufa. Jina hilo la mafundi twalikubali, ingawa wapo wanaopendelea "kigavi". Kwa maoni yetu chombo hiki hakigawi tu, bali hugeuza umeme wa ukutani wa volti 230 kuwa wa volti 12, 5 na 3.3. Linalotusumbua ni kitenzi "kufa".

Kitenzi hicho chachanganya hali mbili zilizo mbalimbali. Pengine chombo kimejizima chenyewe ili kujikinga. Hapo huchomolewa waya ukutani, kitufe cha kuwashia kikabonyezwa kwa sekunde 30 hivi, kisha umeme ukarudishwa. Nacho huweza kuwaka. Kilichoungua hakiwaki kwa njia hiyo. Aghalabu fyuzi yake ya ndani imekatika, na kubadilisha fyuzi peke yake hakufai kitu ikiwa hitilafu iliyoikata ingali humo.

La hatari zaidi ni kuwa mwanagenzi akiambiwa "imekufa" hudhani hamna umeme ndani, akafungua kifuniko. Kumbe kapasita kubwa huweza kuhifadhi zaidi ya volti 300 hata baada ya waya kuchomolewa, nazo zatosha kumwua.

Kwa hiyo twapendekeza vitabu vya ufundi viandike "imejizima" kwa hali ya kwanza na "imeungua" kwa ya pili. "Imekufa" ibaki katika mazungumzo ya dukani, ambako hatuna uwezo wa kuiondoa.