Dhamana ya Chombo Majini

Mgeni anayefika Kampala kwa mara ya kwanza, akaviona vilima vyake na msongamano wa magari yake, aghalabu hudhani kuwa mji huu hauna shughuli na mabaharia wala na wenye marikebu. Ilhali mwendo mfupi tu kutoka katikati ya mji, huko Luzira, ipo gati ya Port Bell, ambako mabehewa ya reli huingizwa ndani ya feri zivukazo Ziwa Viktoria, na maduka ya uchochoro wa Kikuubo yamejaa bidhaa zilizokwisha kuvuka bahari kabla ya kushushwa Mombasa au Dar es Salaam. Kwa hiyo sheria za vyombo vya majini, pamoja na bima inayofuatana nazo, zinatuhusu sisi tulio mbali na pwani kama zinavyowahusu ndugu zetu wa Mombasa na Unguja, na pengine kwetu zina uzito zaidi, maana hatari za maji chumvi hutufikia katika bei za madukani, na hatari za maji baridi hutufikia katika maisha ya watu wetu.

Hasara zinazomkabili mwenye chombo ni nyingi, lakini watu wa bima huzigawa mafungu matatu. Kuna hasara ya chombo chenyewe, bodi na injini na zana zake. Kuna hasara ya shehena, ambayo mara nyingi ni mali ya mtu mwingine aliye mbali. Na kuna dhima, yaani deni linalomwangukia mwenye chombo kwa sababu ya watu aliowadhuru, kama abiria aliyezama, baharia aliyevunjika mguu, mvuvi aliyekatiwa nyavu, au nchi ambayo maji yake yamechafuliwa kwa mafuta. Mafungu mawili ya kwanza yana kikomo, kwa kuwa thamani ya chombo na ya shehena hujulikana kabla nanga haijang'olewa. Fungu la tatu ndilo linaloweza kumfilisi tajiri, na ndilo ambalo wenye vyombo vya ziwa letu hulifikiri kwa uchache kuliko yote.

Uganda inayo Sheria ya Bima ya Majini ya mwaka 2002, ambayo misingi yake imerithiwa kutoka sheria ya Uingereza ya 1906, nayo inasimama juu ya nguzo mbili kubwa. Ya kwanza ni uaminifu kamili: mwenye chombo anapoomba bima yampasa kueleza kila jambo zito alijualo juu ya chombo chake na safari yake, hata asipoulizwa, na akilificha, mkataba waweza kubatilishwa. Ya pili ni kwamba chombo sharti kistahili safari, kwa uzima wa bodi yake, kwa wingi na ujuzi wa mabaharia wake, na kwa kiasi cha mzigo wake; na mtu apelekaye majini chombo ambacho moyoni anakijua kuwa kibovu, hasara ikitoka katika ubovu huo, hana haki ya kudai fidia.

Mambo haya yaweza kuonekana kuwa ya mawakili tu, mpaka mtu akumbuke jioni ya Jumamosi, tarehe 24 Novemba 2018, wakati chombo kilichoitwa MV Templar, kilichochukua watu waliokwenda kustarehe, kilipopinduka na kuzama katika maji ya wilaya ya Mukono, na watu zaidi ya 30 wakaangamia. Polisi walieleza kuwa chombo kilijazwa kupita kiasi, kwamba kilikuwa na ubovu na hakikuwa na leseni, na kwamba jaketi za kuokolea zilikuwamo lakini wengi hawakuzivaa. Mengi katika hayo mkaguzi wa bima angeyagundua. Kazi yake ni kupanda chombo mchana, kabla dhamana haijatolewa, akagonga mbao au chuma kwa nyundo akisikiliza mlio wake, akainama kutazama maji yaliyotuama katika ngama, akaamuru pampu iwashwe mbele ya macho yake, akahesabu jaketi moja moja, kisha akauliza cheti cha nahodha na idadi ya watu ambao chombo kimeruhusiwa kuwachukua. Askari wa doria akipitiwa na jambo, hapotezi mali yake. Bali mwenye kutoa bima akipitiwa, hulipa yeye, na kwa sababu hiyo macho yake huwa makali. Mimi naamini kwa dhati kwamba tumekosea kuihesabu bima kuwa ni fedha za kufutia machozi baada ya maafa, tukasahau ukaguzi unaotangulia, ambao ungaliwazuia wengine wasiondoke ufukweni kabisa.

Wala ziwa lenyewe halistahili kudharauliwa. Nyanza hii ina eneo la kilomita za mraba karibu 68,800, na usiku hewa iliyopoa huteremka kutoka nchi kavu za pande zote ikakutana juu ya maji yenye joto, ikapanda na kuzaa ngurumo na upepo wa ghafula. Ndiyo sababu dhoruba nyingi za ziwani huwapata wavuvi na wasafiri wakati wa giza, kabla ya alfajiri. Majirani zetu wa Tanzania walilia kwa MV Bukoba iliyozama tarehe 21 Mei 1996, wakalia tena kwa MV Nyerere mwezi Septemba 2018, feri iliyoruhusiwa kuchukua watu 101 na ambayo ilipozama watu 228 walikufa.

Sisi nasi tulipoteza feri kubwa, MV Kabalega, iliyogongana na mwenzake MV Kaawa tarehe 8 Mei 2005 ikaenda chini. Ajali ya namna hiyo huzua maswali ambayo msomaji wa kawaida hayafikirii: nani atalipa gharama ya kuinua mabaki, nani ataweka alama ili vyombo vingine visiyagonge, na mafuta yakivuja nani atayasafisha? Kwa upande wa bahari, mataifa yalikutana Nairobi mwezi Mei 2007 yakaafikiana mkataba wa kuondoa mabaki ya meli, uliotiwa nguvu mwaka 2015, na ambao unamlazimisha mwenye meli ya tani 300 au zaidi kuwa na bima ya kazi hiyo. Mkataba huo ulioafikiwa hapa karibu yetu haukuandikwa kwa ajili ya maziwa. Ziwa letu linategemea sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya usafiri wa Ziwa Viktoria ya 2007, na Uganda ikaongeza yake ya usafiri wa maji ya ndani mwaka 2021, ikachukua mahali pa sheria zilizoachwa na wakoloni.

Baharini, hatari za miaka hii zimetoka zaidi kwa wanadamu kuliko kwa mawimbi. Bima ya kawaida ya meli haichukui hasara za vita. Kwa hizo hutafutwa dhamana ya pekee, na ipo kamati huko London inayoorodhesha sehemu za bahari zilizo hatari, ambazo meli ikitaka kupita sharti ilipe nyongeza. Mashambulizi ya Wahouthi wa Yemen yalipoanza katika Bahari ya Shamu mwezi Novemba 2023, na hasa baada ya meli Rubymar, iliyokuwa na mbolea takriban tani 21,000, kupigwa mwezi Februari 2024 na kuzama mwanzoni mwa Machi, nyongeza hiyo ilipanda kufikia karibu asilimia 1 ya thamani ya meli kwa safari moja. Kwa meli ya dola milioni 50, hizo ni dola 500,000, nazo hazilipwi na mwenye meli peke yake. Hugawanywa katika nauli ya kila kontena, na sehemu yake humfikia mwenye duka wa Kikuubo na mteja wake. Wenye meli wengi waliona heri kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, wakaongeza siku na mafuta.

Vikwazo vya mataifa makubwa ni hatari nyingine isiyopigiwa ngurumo. Mwaka 2012, Umoja wa Ulaya ulipokataza kuzikatia bima meli zibebazo mafuta ya Iran, ikagunduliwa kuwa meli 36 za mafuta za nchi hiyo zilikuwa zimeandikishwa chini ya bendera ya Tanzania kupitia wakala aliyeko Dubai, nayo serikali ya Tanzania ikalazimika kuzifuta daftarini. Na mwezi Januari 2018, baada ya meli zenye bendera hiyo kukamatwa na dawa za kulevya na silaha, uandikishaji wa meli za kigeni ukasimamishwa. Bendera ya nchi ni amana, na mwenye kutoa bima huitazama kabla hajatia sahihi yake.

Narudi kwenye mialo yetu, Ggaba, Kasenyi, Nakiwogo na Masese, ambako mwenye mashua ya mbao hana uwezo wa kumwita mkaguzi kutoka mbali, na kampuni ya bima haioni faida ya kumfuata. Hili lina dawa ya zamani. Katika karne ya kumi na tisa, wenye meli wa Uingereza waliona kuwa bima yao hulipa robo tatu tu ya deni la kugonga chombo kingine, na kwamba sheria ya 1846 imewapa jamaa za waliokufa haki ya kudai fidia. Mwaka 1855 wakaunda chama cha kwanza cha kulindana na madeni ya namna hiyo, ambamo kila mwanachama huchanga na mchango huo humlipia atakayepatwa. Vyama vya namna hiyo leo hukinga sehemu kubwa mno ya meli za dunia, kiasi cha asilimia 90 kwa hesabu ya tani zao. Siri ya nguvu yao ni kwamba uzembe wa jirani hutoka mfukoni mwako, basi humwachi jirani akipakia watu kupita kiasi. Watu wetu wamekwisha kuzoea vyama vya kuweka na kukopa, na daftari la wenye mashua la mwalo mmoja si kubwa. Kazi ya kwanza ya chama kama hicho ingekuwa kumtafuta mkaguzi mmoja mwenye ujuzi, asiyemiliki chombo wala kuwa na hisa katika chombo cha mtu, na kumlipa kwa fedha za wanachama kabla ya kulipa dai lolote.