Kiti Kitupu cha Daktari wa Meno Kina Gharama

Wahenga walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi wanaisimu kazi yetu ni kuainisha, nami namsihi daktari wa meno aainishe gharama za kliniki yake. Ganzi na glavu hutumika mgonjwa ajapo. Kodi ya nyumba na mishahara hulipwa hata kiti kikiwa kitupu. Daktari hubania glavu, kumbe kinachommaliza ni saa zisizo na wagonjwa! Madaktari wawili wakipokezana kiti kimoja, asubuhi na alasiri, kodi hugawanyika. La sivyo, mzigo humwangukia mgonjwa: mzazi hushindwa kulipia jino lizibwe, likaishia kung'olewa. Enyi walimu wa hesabu za biashara, mfano huu utawafaa darasani.