Ukuta wa karne tano bila saruji, na keja zetu za Kianda

UKISIKIA neno ngome, pengine akili inakukimbiza moja kwa moja hadi Fort Jesus, mizinga na Wareno. Ama unafikiria zile kasri za Ulaya za kwenye sinema, zenye madaraja na farasi. Leo nakupeleka kwingine, kwenye ngome ambayo haina mzinga hata mmoja. Ilikuwa nyumbani kwa watu wa kawaida, ng'ombe wao na mbuzi wao.

Inaitwa Thimlich Ohinga. Iko kama kilomita 46 kaskazini magharibi mwa mji wa Migori. Kwa Kijaluo, jina hilo linabeba picha ya msitu mnene wa kutisha na boma la mawe. Wataalamu wanakadiria kuwa ilijengwa karne ya 16. Mwaka 2018 UNESCO iliitia kwenye orodha ya Turathi za Dunia, ikawa ya saba kutoka Kenya.

Sasa sikiza ilivyojengwa. Hakuna saruji, hakuna chokaa, hata udongo wa kushikanisha mawe hakuna. Ni jiwe juu ya jiwe, basi. Kuta zinapanda kutoka mita moja na nusu hadi zaidi ya mita nne, na unene wake ni kati ya mita 1 na 3. Piga hatua tatu ndefu hapo ulipo. Umbali huo ndio unene wa ukuta pale ulipo mpana zaidi.

Siri iko kwenye mpango. Mafundi waliinua nyuso mbili, ya nje na ya ndani, kwa mawe yaliyochaguliwa vizuri yakakaliana. Katikati wakajaza mawe madogo, yanayofunga zile nyuso mbili pamoja. Milango waliiacha midogo, huwezi kuingia bila kuinama. Na mvamizi aliyeinama, manze, atarusha mkuki vipi? Karibu na mlango palikuwa na mahali pa walinzi.

Mahali ambapo mawe hayakupatikana, watu wa eneo hilo la ziwa hawakukaa kulalamika. Walichimba handaki, wakarundika udongo wake kuwa ukuta. Maboma hayo yanaitwa gunda buche. Walijenga na kile ardhi iliwapa.

Ukiangalia picha za Thimlich unaona mawe tu. Lakini watu hawakulala ndani ya mawe. Walilala kwenye nyumba za udongo zilizoezekwa kwa nyasi, ndani ya ule ukuta mkubwa. Nyumba hizo zimeshatoweka, zimebaki alama zake chini.

Hapo ndipo stori inanigusa, kwa sababu mimi naishi Kianda, upande wa magharibi wa Kibra. Keja yangu ni futi 10 kwa 10. Ukuta ni fito na udongo, juu yake plasta nyembamba, halafu mabati. Ukitoa plasta na mabati, mzee wa Thimlich angeitambua nyumba hii mara moja. Lakini sisi tunaionea haya. Mtu anakutana na msichana town, akiulizwa anaishi wapi anasema "karibu na Ngong Road".

Sina cheti cha ujenzi, chuo niliachia njiani. Lakini fundi yeyote wa ocha atakuambia kuwa udongo wenyewe si adui. Ukuta mnene wa udongo unapokea joto polepole na kuliachilia polepole, kwa hivyo mchana ndani hakuchomi sana. Adui wake ni maji. Ndiyo maana nyumba ya zamani ilivaa kofia kubwa, paa la nyasi lililotokeza nje kabisa ili mvua isiguse ukuta. Na mvua ikiisha, wenyewe walikandika upya.

Linganisha na ploti yetu. Mabati yamekatwa mafupi ili kuokoa pesa, kwa hivyo mvua inamwagika ukutani. Mtaro wa majitaka unapita kwenye msingi, kama kuna msingi. Masika yaliyopita jirani yangu aliamka akaona njia ya mtaani kupitia ukuta wa chumba chake. Watu wakasema, "Si ni nyumba ya matope?" Hapana. Ni nyumba iliyonyimwa kofia na viatu.

Na usidhani shida ni udogo wa chumba peke yake. Nenda Lamu, mji mkongwe ambao nao uko kwenye orodha ya UNESCO tangu 2001. Zile nyumba za mawe za matajiri zina vyumba vyembamba, upana wake haufiki mita 3, kwa sababu boriti za mikoko zinazobeba dari haziwezi kuruka mbali zaidi. Ni kama upana wa keja yangu! Lakini walikirefusha chumba, wakajenga vidaka ukutani vya kuweka vitu, na nje wakaacha daka la kuketi na wageni.

Tofauti kubwa, kwa maoni yangu, ni nani ana ruhusa ya kugusa ukuta. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ni kweli, lakini aliyesema hivyo hakuwa mpangaji. Thimlich, waliokuja baada ya wajenzi wa kwanza waliendelea kukarabati kuta kizazi baada ya kizazi, na desturi hiyo ya maboma ya mawe ilidumu hadi katikati ya karne ya 20. Hapa, mimi nikiona ufa namwambia landilodi. Landilodi naye anajua kuwa anamiliki fito na mabati tu, ardhi si yake. Sehemu kubwa ya Kibra ni ardhi ya serikali. Wanubi, waliotupa jina Kibra, yaani msitu, walipata hati ya ekari 288 mwaka 2017 tu, baada ya zaidi ya miaka 100 hapa. Nani ataweka mawe mahali anapoweza kubomolewa kesho?

Kwa hivyo ukuta wetu haubomoki kwa sababu mababu hawakujua kujenga. Unabomoka kwa sababu kila mtu anayeishi karibu nao ni mgeni.

Simwambii mtu arudi kuishi kwenye boma la mawe. Nasema jambo dogo. Kabla ya masika, ongeeni kama ploti. Zibueni mtaro, pangeni mawe chini ya ukuta, ongezeni kipande cha bati pale linapovujia. Landilodi aulizwe mapema, tena kwa maandishi, kama gharama itakatwa kwenye kodi. Thimlich hakuna familia iliyojizungushia ule ukuta mkubwa peke yake, na ploti yenye vyumba kumi ina mikono mingi kuliko unavyofikiria.

Na ukipata likizo, panda gari la Migori ukajionee. Ukifika mlangoni, utainama kama kila mtu.